Muulize mlezi: ‘Leo mtoto amecheza nini?’

JIONI, kwenye mlango wa kituo cha kulelea watoto, maswali ya wazazi huwa yaleyale. Amekula? Amelala? Amelia sana? Mlezi anajibu kwamba amekula vizuri, amelala vizuri, na hakusumbua hata kidogo. Mzazi anashukuru, anambeba mtoto wake na kuwahi daladala.

Hayo si maswali mabaya. Mtoto aliyekataa kula na kushindwa kulala huenda anaumwa, na mzazi lazima ajue. Lakini yote matatu yanapima utulivu wa mtoto. Swali la nne ni nadra kusikika: leo amecheza nini?

Ukiliuliza kuhusu mtoto wa miezi sita, huenda mlezi akacheka. Hajui kuongea, hajui kutembea, atacheza nini? Wazazi wengi nao huwaza hivyohivyo. Kucheza na kujifunza tunakusubiri mpaka mtoto afike chekechea, apewe begi, kalamu za rangi na mwalimu. Kabla ya hapo tunaona kazi ya kituo ni kumlisha, kumsafisha na kumlaza.

Leo nataka tulitazame upya jambo hilo, kwa sababu wanaolelewa vituoni siku hizi si wa miaka mitatu tu. Wapo wa miezi minne.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa wakati mmoja. Mama anayeuza chakula, anayesuka nywele au mwenye meza sokoni hana hata hizo. Likizo ikiisha, au akiba ikiisha, mtoto hukabidhiwa kwa bibi, kwa dada wa kazi au kituoni.

Piga hesabu mwenyewe. Mama akimpeleka mtoto saa 1 asubuhi na kumchukua saa 12 jioni, saa nyingi ambazo mtoto yuko macho anakuwa kituoni. Nyumbani anafika amechoka, anaogeshwa, ananyonya, analala. Kwa hiyo kama kituoni hakuna anayemchezesha wala kuzungumza naye, kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa huenda asichezeshwe kabisa.

MIKONO NA MDOMO NDIVYO VITABU VYAKE

Katika mwaka wa kwanza, ukubwa wa ubongo wa mtoto hukaribia kuwa mara mbili ya ulivyokuwa alipozaliwa. Hakuna mwaka mwingine katika maisha yake ambao ubongo utakua kwa kasi hiyo. Nao haukui kwa maziwa peke yake. Hukua pia kwa kile mtoto anachokiona, anachokisikia, anachokigusa, anachokionja na anachokinusa.

Kichanga huona vizuri kitu kilicho umbali wa sentimita 20 hadi 30. Huo ni umbali wa kutoka titi hadi uso wa mama. Sauti ya mama ameanza kuisikia tangu akiwa tumboni. Akifikisha miezi mitatu au minne ananyoosha mkono kugusa kitu. Miezi sita anakishika, anakihamisha kutoka mkono huu kwenda huu, kisha anakipeleka mdomoni.

Hapo kwenye mdomo ndipo ugomvi unapoanzia. Mtu mzima anaona uchafu, anamnyang’anya. Lakini mtoto wa umri huo anatumia midomo na ulimi kutambua vitu, kama sisi tunavyotumia vidole gizani. Anapotafuna mwiko anajifunza kwamba ni mgumu, hauna utamu, na upande mmoja ni mpana kuliko mwingine. Anapoudondosha na wewe ukauokota, akaudondosha tena, hakukomoi. Anapima: je, kila nikiachia kinaanguka? Je, kila kikianguka huyu anakirudisha?

Mswisi Jean Piaget, aliyetumia miaka mingi kuchunguza watoto wakiwamo wa kwake mwenyewe, aliona kwamba tangu kuzaliwa hadi kama miaka miwili mtoto anafikiri kwa kutumia milango ya fahamu na viungo vyake. Kwa maneno mepesi, mtoto asiyeshika kitu hana cha kufikiria.

UTULIVU SI KIPIMO PEKEE

Sasa mtazame mtoto anayeshinda amelala chali kwenye godoro, akitazama dari. Au aliyefungwa kwenye kiti tangu asubuhi. Au wale kumi waliokalishwa kwenye mkeka mbele ya televisheni yenye katuni. Watoto hawa wanaweza kuwa wametulia sana. Jioni mlezi atasema kweli tupu akisema hawakusumbua.

Mtoto akilia au akitoa sauti anategemea kujibiwa. Akijibiwa kila mara, anajifunza kwamba sauti yake ina kazi, na hiyo ndiyo hatua ya kwanza ya kuongea. Asipojibiwa siku baada ya siku, anaweza kupunguza kuita. Mtu asiyejua atasema amezoea kituo.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 kuhusu watoto walio chini ya miaka mitano. Kwa mtoto ambaye hajafikisha mwaka mmoja, mwongozo unasema mambo matatu ambayo kila kituo kinaweza kuyabandika ukutani. Asikae amefungwa kwenye kiti, kigari au mgongoni kwa zaidi ya saa moja mfululizo. Kama bado hajaanza kutambaa, alazwe kifudifudi akiwa macho kwa jumla ya angalau dakika 30 kwa siku, kidogo kidogo. Na asiwekwe mbele ya televisheni wala simu kabisa.

Jambo moja tuliseme wazi hapa. Dawa ya mafua au ya kikohozi si ya kumlaza mtoto. Mtoto wako akirudi kutoka kituoni kila siku akiwa na usingizi mzito usioeleweka, usinyamaze. Uliza amepewa nini, na umpeleke kwa daktari.

USHAHIDI KUTOKA JAMAICA

Wapo watakaosema michezo ni mambo ya watu wenye nafasi, sisi wengine tunahangaikia chakula kwanza. Kuna utafiti mmoja unaowajibu vizuri.

Katikati ya miaka ya 1980, mjini Kingston nchini Jamaica, timu ya Sally Grantham-McGregor ilichukua watoto 129 waliodumaa, wenye umri wa miezi tisa hadi 24, kutoka mitaa ya watu maskini. Baadhi walipewa lishe ya nyongeza. Baadhi walitembelewa mara moja kwa wiki, saa moja kila safari, na mhudumu wa afya wa mtaani aliyemwonyesha mama namna ya kucheza na kuzungumza na mtoto. Wengine walipata vyote viwili, na kundi la mwisho halikupata chochote kati ya hivyo. Kazi hiyo iliendelea kwa miaka miwili. Vifaa vya kuchezea vilitengenezwa kwa vitu vilivyopo nyumbani.

Watafiti waliwafuatilia watoto hao mpaka wakawa watu wazima. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba wakiwa na umri wa miaka 22, wale waliochezeshwa walikuwa na kipato kilichozidi cha wenzao kwa asilimia 25. Wale waliopewa lishe peke yake hawakuonyesha tofauti hiyo ya kipato.

Hii haina maana kwamba lishe haina kazi. Mtoto mwenye njaa hachezi. Ina maana kwamba uji peke yake haujengi akili ya mtoto. Na aliyeleta tofauti ile hakuwa mtu mwenye shahada. Alikuwa mhudumu wa mtaani mwenye mfuko wa vitu vya kuchezea vya kutengeneza mwenyewe.

Hapa kwetu serikali imeliona hilo. Desemba 2021 ilizinduliwa Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto. Inataja mambo matano ambayo mtoto anayahitaji kwa pamoja: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, fursa za ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Maswali yetu ya jioni pale mlangoni huishia kwenye mawili ya kwanza.

KIKAPU CHA HAZINA

Sasa tuingie kwenye vitendo. Mwingereza Elinor Goldschmied, aliyefanya kazi na watoto wadogo nchini Italia baada ya Vita vya Pili vya Dunia, alibuni kitu rahisi ambacho vituo vingi Ulaya vinakitumia hadi leo. Alikiita kikapu cha hazina.

Ni kikapu kifupi kisicho na mkono, kipenyo chake kama sentimita 35, kilichojaa vitu vya kawaida vya nyumbani. Kinawekwa mbele ya mtoto anayeweza kukaa lakini hajaanza kutambaa. Mtoto anachagua mwenyewe: anatoa, anashika, anatafuna, anatupa, anachukua kingine. Goldschmied hakuweka vitu vya plastiki. Kwa mkono wa mtoto plastiki zote zinafanana: nyepesi, laini, hazina harufu. Kijiko cha chuma ni cha baridi na kizito. Mti una harufu yake. Kitambaa kinakunjika.

Kikapu hiki kwetu hakina ugeni. Kikapu cha ukindu kinapatikana sokoni, na cha kujazia kimo jikoni. Weka mwiko mdogo, upekecho, kijiko cha chuma, mfuniko wa sufuria, kifuu cha nazi kilichosuguliwa mpaka kikawa laini, kipande cha dodoki, brashi ngumu ya nguo, bangili pana ya mti, kipande cha khanga, kipande cha taulo, kipande cha mkeka kilichopindwa kingo, kombe kubwa la baharini lisilo na ncha, limau zima. Tayari una vitu zaidi ya kumi, na huenda hujatumia hata shilingi elfu tano.

Kazi ya mlezi hapa ni kukaa jirani na kutazama. Asimwambie mtoto ashike nini, wala asimwonyeshe “namna sahihi” ya kukishika. Mtoto akimtazama, atabasamu naye na kumtajia: huo mwiko, umeona mwiko? Vitu vioshwe kila baada ya kutumika. Kilichopasuka kitupwe. Kila wiki viondolewe viwili na kuingizwa viwili vipya.

MICHEZO KULINGANA NA UMRI

Umri ninaoutaja hapa ni wa kukadiria. Watoto hawafuati kalenda.

Kuanzia kuzaliwa hadi miezi mitatu, kitu bora kuliko vyote ni uso wako. Mshike karibu, zungumza naye, nyamaza kidogo umpe nafasi ajibu kwa macho au kwa sauti, kisha endelea. Mwonyeshe vitu vyenye tofauti kubwa ya rangi, mfano khanga yenye maua makubwa meusi na meupe. Mlaze kifudifudi juu ya kifua chako au juu ya mkeka kwa dakika mbili tatu.

Miezi mitatu hadi sita ni wakati wa kushika na kusikia. Tengeneza kayamba ndogo kwa chupa safi ya plastiki: tia punje za mahindi, funga kifuniko kwa gundi kali na ukizungushie utepe. Tikisa upande wa kulia uone kama atageuka, kisha wa kushoto. Mguse miguu kwa kitambaa laini, kisha kwa dodoki, huku ukimwambia ni kipi laini na kipi kinakwaruza.

Miezi sita hadi tisa, kikapu cha hazina kinaingia. Chakula nacho kinakuwa mchezo. Mtoto anayeanza kula aachwe aguse parachichi, kiazi kitamu kilichopondwa, donge dogo la ugali uliopoa. Atajipaka mpaka kwenye nywele, ndiyo. Mvue nguo kwanza, kisha mwoshe. Sizungumzii kumwaga chakula wakati wengine wana njaa. Nazungumzia chakula kilekile anachokwenda kukila: kabla hakijafika mdomoni, mkono nao upate zamu.

Miezi tisa hadi 12, mtoto anaanza kuelewa kwamba kitu kilichofichwa bado kipo. Funika uso wako kwa khanga, uliza yuko wapi, kisha funua. Ficha kijiko chini ya kitambaa akitafute. Mpe kopo kubwa la plastiki na mipira ya vitambaa aingize na kutoa. Ataingiza na kutoa mara hamsini. Usimkatishe.

Baada ya mwaka mmoja anataka kuvuta, kusukuma, kupanga na kubomoa. Maboksi matupu yanatosha. Mtoe nje ashike majani, mchanga na mti, asikie kuku na mvua juu ya bati. Piga ngoma kwa mwiko na sufuria, naye apige ya kwake.

Mtoto asipofikia hatua fulani wiki ileile na mwenzake, hiyo si sababu ya hofu. Lakini kama miezi minne imefika na hafuatilii uso wa mtu kwa macho wala hashtuki kwa sauti kubwa, au miezi tisa imefika na hawezi kukaa hata akishikiliwa, au anapoteza kitu alichokuwa anakiweza, mpeleke kliniki ya mama na mtoto ukaulize. Mlezi anayemchezesha mtoto kila siku mara nyingi ndiye anayekuwa wa kwanza kuona dalili hizo. Anayemlaza tu atazikosa.

KUBADILISHA NEPI NAKO NI SOMO

Hapa walezi watasema: dada, nina watoto wengi, huo muda wa kukaa na kikapu nautoa wapi?

Malalamiko hayo ni ya haki. Kanuni za Uingereza zinataka mlezi mmoja asiwe na zaidi ya watoto watatu walio chini ya miaka miwili. Katika vituo vyetu vingi vya mitaani mlezi mmoja anaweza kuwa na watoto mara tatu au nne ya hao, na jioni afagie na kufua. Mshahara wake wengi wetu tunaujua. Kumlaumu kwamba hachezi na watoto bila kuuliza ana watoto wangapi ni kumwonea.

Ndiyo maana napenda mfano wa Emmi Pikler, daktari wa watoto wa Hungary. Mwaka 1946 alianzisha nyumba ya kulelea watoto wachanga wasio na wazazi mjini Budapest. Naye alikuwa na watoto wengi na walezi wachache. Alichofanya ni kuigeuza kazi ambayo lazima ifanyike kuwa wakati wa mtoto.

Mlezi akimbadilisha nguo, alitakiwa kumwambia kinachofuata: sasa nakuvua shati, nipe mkono. Kisha asubiri. Mtoto wa miezi michache anaanza kuusogeza mkono. Kuoga, kulishwa na kubadilishwa vilifanywa bila haraka, macho kwa macho, mtoto mmoja kwa wakati mmoja. Nyakati nyingine watoto walikuwa sakafuni, mahali salama, wakijigaragaza na kucheza wenyewe.

Hebu hesabu. Mtoto mchanga hubadilishwa nepi mara nne au tano akiwa kituoni, na kulishwa mara nne. Kama kila mara mlezi anamtazama, anamtajia pua, sikio, maji, soksi, na kumsubiri ajibu, mtoto huyo amepata masomo manane au tisa kwa siku. Haikuongezwa hata dakika moja kwenye ratiba. Kilichobadilika ni kwamba mlezi ameiweka simu pembeni.

Mtoto anayejibiwa hivyo hujifunza lugha yoyote anayosemeshwa. Bibi anayelea mjukuu asione haya kumsemesha Kisukuma, Kihehe au Kidigo. Mtoto hahitaji Kiingereza cha katuni. Anahitaji mtu anayemjibu.

USALAMA KWANZA

Mchezo bila mtu mzima jirani si mchezo. Kuna mambo ambayo kituo lazima kiyajue, na hata nyumbani yazingatiwe.

Kila kitu kitaingia mdomoni, kwa hiyo ukubwa ni muhimu. Chukua kile kijibomba cha karatasi kinachobaki karatasi ya chooni ikiisha. Kitu kinachopita ndani yake kinaweza kumkaba mtoto aliye chini ya miaka mitatu. Karanga nzima, maharage, mahindi, shanga, vifungo na vifuniko vya soda visiwe karibu naye. Kayamba ya chupa ikaguliwe kila siku. Kifuniko kikilegea, itupwe.

Betri ndogo za duara, za rimoti na za saa, ni hatari zaidi. Zikimezwa zinaweza kuunguza koo ndani ya saa mbili. Ukishuku mtoto amemeza, usisubiri, kimbilia hospitali.

Mchezo wa maji ni mtamu mno kwa mtoto, lakini beseni liwe na maji ya kina cha vidole viwili tu na mkono wa mtu mzima uwe hapohapo. Mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye ndoo. Simu ikiita na hakuna mwingine wa kumshika, mtoe kwanza majini. Mchezo ukiisha, maji yamwagwe.

Mifuko ya plastiki, kamba ndefu, makopo ya bati yenye kingo kali na vitu vyenye rangi inayobanduka visiingie kwenye kikapu. Na wakati wa kulala, mtoto alazwe chali, bila mito wala midoli usoni pake.

NENDA UKATAZAME

Mzazi anayetafuta kituo kwa kawaida huangalia ada, umbali na usafi. Ongeza mambo machache.

Kwanza, uliza kama kimesajiliwa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka vituo vya kulelea watoto mchana visajiliwe, na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako ndiye wa kumuuliza ukiwa na shaka.

Pili, omba kuingia ndani mchana, si asubuhi wakati wa kupokea watoto wala jioni wakati wa kuwakabidhi. Nenda saa 5. Watoto walio macho wako wapi, sakafuni au wamefungwa kwenye viti? Vitu vya kuchezea viko chini wanapoweza kuvifikia, au vimepangwa juu ya kabati kama mapambo? Televisheni imewashwa? Kituo kinachokataa mzazi asiingie kabisa mchana kimeshakujibu.

Tatu, sikiliza. Chumba chenye watoto wachanga wanane na kikawa kimya kabisa, bila hata mmoja kuguguta, na hawajalala, kinatia mashaka. Chumba chenye mlezi anayeongea peke yake kama mtu aliyepotea, kumbe anamsimulia mtoto kwamba maziwa bado ya moto, hicho ndicho unachokitafuta.

Nne, uliza mlezi ana watoto wangapi, na usikilize jibu lake bila hukumu. Kama ni wengi mno, zungumza na mwenye kituo. Mzazi mmoja akilalamika anaonekana msumbufu. Wazazi sita wakikaa pamoja, wakakubali kuongeza kiasi kidogo kwenye ada ili aajiriwe mlezi wa pili, hilo linazungumzika. Kama fedha hakuna, kila mmoja alete vitu viwili kutoka jikoni kwake, na kikapu kitajaa siku hiyohiyo.

Tano, jioni ukifika, uliza swali lile. Leo amecheza nini? Siku ya kwanza mlezi atababaika. Siku ya pili atatafuta cha kusema. Wiki ya pili huenda akakuambia mwenyewe, kabla hujauliza, kwamba leo mwanao kaligundua limau, kalilamba, kakunja uso, akalirudia tena. Ukisikia hivyo, ujue kuna mtu alikuwa anamtazama.

Na ukifika nyumbani, hata ukiwa umechoka, usitafute vifaa. Mtoto akiwa kwenye beseni la kuogea, mimina maji kwa kikombe taratibu juu ya mkono wake, umwambie ni maji, halafu subiri asemaje.